Hema Mlangoni kwa Baba Yako

Milima ya Taif, Aprili 1976

Wahida wa moyo wangu,

Mie mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Nimetoka bahari ya Dammam na hema mgongoni, na sasa nimo milimani juu ya Taif, ambako ukungu unaingia mpaka ndani na nyani wanavuta kamba zangu. Nikishuka huku, ni kwenu Jeddah.

Nilipopita Riyadh, kaka yako Abdalla alitaka kunikatia tiketi ya ndege. "Hilal, nchi imejaa mafuta, wewe unatembea?" Nikamwambia halas, asinikere. Si baba yenu aliyesema mposaji asiye na gari asikanyage mtaa wenu wa Ghulail? Basi n'takanyaga, tena kuanzia Dammam!

Abdalla kanambia pia kwamba Muhsin, yule muuza vipuri, keshaleta posa na pikapu mpya. Usiku ule sikulala. Tuyaache hayo.

Wabedui wamenilisha kila nilipopiga hema karibu na mahema yao. Kwao mgeni hafukuzwi, wala haulizwi shida yake mpaka siku tatu zipite. Na baba yako, mbele za watu, anajidai Mwarabu kuliko Waarabu. Vyema. Ijumaa watu wakitoka msikitini, watalikuta hema langu mlangoni kwenu. Anifukuze, mtaa mzima unatazama!

Siku ya nne itabidi aniulize nimefuata nini. Wewe kaa dirishani, Wahida, ingawa jibu langu litasikika mpaka mtaa wa Karantina.

Wako, asiye na gari,
Hilal