Sauti Yangu Katika Albamu ya Mwenda

Jumatatu, 3 Machi

Wateja tangu saa mbili. Kila mtu Karurumo anataka mbegu ya mahindi na hakuna anayetaka foleni. Nimepima chakula cha kuku mpaka vumbi likaniingia masikioni. Wawira, tunayeuza naye dukani, aliweka muziki. Gita la polepole, ngoma kwa mbali, mwanamume anaimba kama mtu aliyeamka vibaya. Huzuni tupu. Nikasahau nilikuwa nimepima kilo ngapi. Nikauliza ni nani.

"Ni msee wa Meru, anaitwa Mwenda. Album yake ni Mbado. Skiza yote, utalia."

Mwenda. Nikarudi kupima.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisikiliza yote saa ya chakula, nyuma ya magunia. Nyimbo tisa. Wa mwisho unaanza na sauti ya mwanamke: "Mimi mbado nangonja. Kuja tu. Ukichelewa hii saa itapita."

Ni mimi.

Nilimtumia Mwenda sauti hiyo kwa simu Jumamosi ile, miaka miwili iliyopita, aliposema analeta wazee wake kwetu Kanja kuniposa. Mama alipika tangu alfajiri. Shangazi zangu walikuja wamevaa vizuri. Mimi nilisimama barabarani ili niwaonyeshe njia. Hawakuja. Hata simu hakupiga. Jibu nimelipata leo, na gita juu yake.

Na hiyo "mbado". Tukiwa pamoja alikuwa ananicheka. Sema bado, Njoki. Sema ngoja. Mmeru kunifunza mimi Kiswahili! Sasa ameliandika kwenye jalada kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimwandikia aitoe sauti yangu. Amesoma. Hajaitoa.

Watu mtandaoni wanamlilia huyo mwanamke. Mmoja anaamini alikufa. Mimi niko hapa nauza dawa ya kupe.

Nimeisikiliza mara sita. Ni nzuri, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Ingekuwa mbaya ningecheka tu. Nataka aumie. Nataka aaibike mchana, mbele ya watu, gita likiwa mkononi.

Jumanne, 11 Machi

Wawira anasema Mwenda atapiga Embu mjini Jumamosi, kwenye bustani ya hoteli. Vizuri sana.

Leo mzee mmoja alisimama kaunta akimpigia simu daktari wa kupandisha ng'ombe. Ng'ombe wake yuko na joto, anataka kupandwa, tangu asubuhi. "Daktari, kuja haraka, hii saa ikipita imepita." Nikaacha kuandika risiti. Maneno yangu yaleyale. Hakuna mtu wa huku ambaye hajawahi kumngoja huyo daktari.

Kusema sauti ile ilikuwa ya daktari ni uongo. Lakini utamtosha kama soksi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya.

Vijana wengi, nguo nyeusi, soda mkononi. Alipiga nane za kwanza. Kabla ya wimbo wa mwisho akauliza kama kuna mwenye swali. Nikaomba maiki.

"Hiyo sauti ni yangu. Mimi nilikuwa namtumia daktari wa ng'ombe. Ng'ombe yetu ilikuwa na joto. Ikaenda kwa simu yako by mistake."

Bustani nzima ikapasuka kwa kicheko. Hawa ni watoto wa wakulima, walielewa mara moja. Mmoja akalia kama ng'ombe, wengine wakaitikia.

Mwenda aliniangalia. Angeweza kusema ukweli: jina langu, Jumamosi ile, wazee. Akasema, "Ni ukweli. Nilikosea. Pole." Akaweka gita chini. Wimbo wa mwisho hakuupiga.

Nimefurahi. Nimecheka peke yangu mpaka Kanja.

Jumapili, 16 Machi

Video ya jana imefika kanisani kabla yangu. Wanawake wote wameiona. Mama pia, kwa simu ya jirani. Tukiwa jikoni tunamenya viazi vya mukimo akasema, bila kuniangalia:

"Mwaka huo hatukuwa na ng'ombe."

Nikaendelea kumenya.

Ijumaa, 21 Machi

Wateja wanakuja kunitazama. "Ni wewe wa ng'ombe?" Ni mimi. Wanacheka, nacheka. Yule mwanamke waliyekuwa wakimlilia hawamtaji tena. Nilitaka achekwe yeye na aibu yake. Sikufikiria kwamba wote wangenicheka na mimi pia.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua tangu asubuhi, wateja wachache. Wawira ameenda benki, simu ameiacha kaunta.

Mwenda ameiweka albamu upya mtandaoni. Jina ni lingine. Nimefungua wimbo wa mwisho. Sauti yangu haipo. Gita linaanza mapema tu, kana kwamba hakuna aliyewahi kusimama pale barabarani. Ndivyo nilivyoomba.

Nimetafuta ile ya zamani kwenye simu ya Wawira, kwangu, kila mahali. Imefutwa.