Ramani Iliyoishia India

Shikamoo Baba. Magoti yanaendeleaje?

Leo mkutanoni hapa Sydney, nilikoalikwa kusikiliza, wakuu wa majeshi rafiki wametundika ramani ya bahari watakayoilinda pamoja, ya Hindi na Pasifiki. Imeishia India! Pwani uliyoilinda melini ujana wako wote haimo. Nilipouliza, mwenyekiti akacheka: "Bibi, Afrika ina mkutano wake."

Nikatoa kalamu nene ya Asha wa shangazi, anayoandikia majina kwenye nguo za wazee anaowatunza huku, yenye wino usiotoka hata zikifuliwa. Nikachora pwani yetu ukutani, kando ya ramani yao, nikaandika Mombasa. Wakaja na sabuni. Wamesugua mpaka chai yao ikapoa, na Mombasa iko palepale.

Kunywa dawa, Baba. Waambie wenzako wa melini kwamba tumo.

Mwanao,
Zuhura