Kwa Kirimi, Kuhusu Usonji Wangu na Simu ya Mama

Ndugu yangu mkubwa Kirimi,

Habari za Kanyakine? Natumaini nyote mko wazima na mvua ninayosikia inanyesha huko haikuangusha migomba. Mimi ni mzima. Nimeanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwamba nina hamu ya kukusalimu. Na nakuandikia kwa Kiswahili makusudi: nikianza Kimeru nitalainika, na leo sitaki kulainika. Barua hii nimemtumia binamu yetu Kathure aichapishe pale Nkubu akupe mkononi, maana simu zangu hushiki.

Sasa utasoma yale uliyonikatia simu nikiyasema.

Unajua kazi yangu huku Uingereza ni kutunza wazee. Kuwaosha, kuwageuza kitandani, kuwalisha, hayo nayaweza. Kilichonishinda ni chumba cha kulia. Vijiko, televisheni, kengele za vyumbani, watu wakiongea wote pamoja. Siku moja niliweka sahani chini nikatoka, nikaenda kuchuchumaa nyuma ya mapipa ya takataka nimeziba masikio, mwanamke wa miaka arobaini na mbili. Msimamizi alinifuata akaniuliza kama nimelewa. Nilikaribia kufutwa kazi. Daktari ndiye aliyenituma kwa wataalamu, na baada ya kungoja sana wakaniambia nina usonji, na kwamba nilizaliwa nao.

Nikapewa mshauri nasaha. Wa kwanza alikuwa msichana aliyeniongelesha polepole kama mtoto wa chekechea, akinifundisha kutazama watu machoni. Nilitoka kwake kwa hasira, sikurudi. Baadaye nikampata Denise, mama mtu mzima ambaye yeye mwenyewe alijulikana kuwa ana usonji akiwa tayari na wajukuu. Ana kikundi cha watu kama sisi: dereva wa basi, mwalimu mstaafu, fundi wa mabomba. Taa hazichomi macho na hakuna anayelazimishwa kuongea. Huko ndiko nilikolia, Kirimi, si kwa huzuni. Nililia kwa sababu ya kila kiboko nilichokula nikiitwa mkaidi.

Siku moja Denise akaniuliza, "Kwenu nyumbani, nani mwingine yuko hivi?"

Nilifungua mdomo kusema hakuna. Nikamwona Mama.

Mama kwenye harusi, akitoka hemani na kwenda jikoni kuchambua maharagwe peke yake. Mama akitolewa kwenye chama cha akina mama eti hajui kusalimia watu. Mama aliyeacha kumaliza ibada tangu kanisa liliponunua zile spika. Marehemu baba alimwita mwenye majivuno, na wewe ukalirithi neno hilo pamoja na kofia yake.

Ndiyo sababu nilimpigia Mama simu. Wewe ulikuwepo, ukaichukua, na nilipokueleza ukadakia: "Hayo ni magonjwa ya wazungu. Wewe ulikuwa mkaidi tu, na kiboko ndicho kilichokufikisha huko ulipo." Jumapili iliyofuata, wewe mzee wa kanisa, ukasimama mbele ya watu ukaomba waniombee mimi, dada yako aliyechanganyikiwa ughaibuni, na ukaongeza kwamba ndiyo maana sikuolewa. Kathure alikuwa ameketi pale. Nani alikutuma? Nilikwambia wewe kama ndugu, sikukwambia utangaze.

Hata hilo ningelimeza. La Mama ndilo silimezi. Nilimpigia tena ukiwa shuleni, nikamweleza yote. Akasema, "Gakii, unaniambia habari zako ama zangu?" Kisha akauliza, "Na huyo mama wa huko, anaweza kuongea na mzee asiyejua Kizungu?"

Alikuuliza wewe pia jioni ile, kwa sababu Mama hajui kuficha. Kesho yake simu yake "ikaharibika". Haikuharibika. Iko kwenye droo ya meza yako, na nyumba nzima inajua. Mwalimu mkuu mzima, unamnyang'anya mama yako simu kama mwanafunzi wa bweni! Uliogopa nini? Kwamba watu watasema ukoo wetu una kasoro? Au kwamba itabidi ukumbuke uliyomfanyia?

Basi jua hili. Nilimtafuta mshauri nasaha mjini Meru anayeongea Kimeru na anayepokea watu wazima. Siku ya soko, ulipodhani Mama ameenda kuuza ndizi, Kathure alimpeleka. Aliingia peke yake. Mshauri alifunga dirisha, akazima feni iliyokuwa ikilia, akamwambia hatampa jina la chochote mpaka daktari amwone. "Leo nataka tu uniambie kinachokuumiza." Mama aliongea, Kirimi. Mama yetu asiyeongea aliongea mpaka anayefuata akaanza kugonga mlango.

Alinipigia kwa simu ya Kathure. Hakulia. Alisema, "Mwambie Kirimi sikuwadharau watu. Nilikuwa naumia masikio." Nimekwambia.

Atarudi huko kila atakapotaka, na ukisimama mlangoni nitakuja mwenyewe, na nikija sitakuja na zawadi. Simu mpe leo. Kanisani ameamua kuketi nje, chini ya ukingo wa paa, mahali anaposikia mahubiri bila kuumia. Kiti utambebea wewe, mbele ya watu walewale uliowatangazia habari zangu.

Nisalimie mke wako Mama Mutuma, ambaye humpikia Mama chakula kisichochanganywa, kila kitu mbali mbali, na hajawahi kumuuliza kwa nini. Msalimie shangazi yetu wa Gachoka ukimwona, na mwanao Mutuma. Mama sitakutuma kwake; tunaongea.

Wewe nitakusalimia ukishamwomba msamaha.

Ni mimi dada yako, bado nina hasira,

Gakii