Abiria wa Kwanza wa Mkwe Wangu

Shoga, weka sufuria chini usome.

Unakijua kile kindege mkwe wangu alichokiunga mwenyewe gereji, kutoka vipande vya kwenye maboksi, mwanangu akawa anaegesha gari mvuani? Jana kaniambia, "Mama, vaa vizuri, kesho wewe ndiye abiria wa kwanza." Mtaa mzima nimeutangazia!

Leo uwanjani nikapanda na gauni langu la harusini. Nikafungwa mkanda. Majirani wanapiga picha. Bwana mkubwa kainama anachungulia mizani chini ya magurudumu.

"Zimeongezeka kilo hamsini kamili. Asante mama, shuka."

Shuka?!

Shuka, anasema! Kumbe alitaka tu kuona kindege kinakaaje kikiwa na mtu.

Halafu akaleta mfuko wa saruji wa kilo hamsini. Akaukalisha kwenye kiti changu. Akaufunga mkanda wangu! "Leo ni majaribio, mama, siwezi kuhatarisha mtu."

Wakaruka, yeye na saruji yake. Saruji, shoga! Mimi chini nawapungia mkono.

Katua sasa hivi, eti, "Mama, chupa ya chai iko wapi?"

Nimemwambia akamuulize mama mkwe wake. Bado yuko kwenye kiti, kafungwa mkanda.