Mjomba wa Kuazima

Mama Apendi mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo wakwe wanatoka Kirewa kuja kwetu Dabani kumposa binti yangu Winfred, na unajua mbuzi wa mjomba anayeletwa na wakwe lazima apokelewe na mjomba mwenyewe, na mjomba ni mmoja tu, kaka yangu Chrispinus aliyenilea, anayekaa Busia upande wa Kenya. Sasa tangu serikali zetu zigombane, yetu ikiunga mkono vita vya nchi jirani na yao ikikataa, hadi mabalozi wakaitwa makwao, mume wangu Ojiambo habanduki kwenye redio, na siku Chrispinus aliposema mbele yake kwamba vita hivyo havituhusu, akawaka: "Mtoto yangu Bwire iko huko na bunduki, wewe nasema havituhusu? Nyinyi Wakenya nakataa kutusaidia halafu nakuja kula nyama kwangu? Hapana!" Akamkataza kukanyaga kwetu, akaamua mdogo wake avae koti ajifanye mjomba mbele ya wageni, nami kwa woga nikampigia kaka simu nikamwambia sherehe imeahirishwa, akasema pole dada, akauliza kama Bwire amepiga simu. 

Maurine, Dabani

Maurine, umenikasirisha, na mumeo amenikasirisha zaidi. Mjomba wa kuazima! Viti tunaazima, masufuria tunaazima, lakini mjomba? Wakwe wakigundua kwamba mbuzi alichukuliwa na baba mdogo, atakayeaibika huko Kirewa ni Winfred, ambaye hajakosea chochote.

Na wewe Ojiambo, najua unasoma safu hii: Chrispinus hajawahi kuwa waziri wa nchi za nje. Hakumwita balozi yeyote nyumbani. Wakubwa waliogombana watakutana hotelini, watapigwa picha wakicheka, na hakuna atakayefika Dabani kukuomba msamaha. Unamwogopea Bwire, nami nakuonea huruma, baba. Shemeji yako naye anamwogopea, ndiyo maana alisema vile. Hasira yako wapelekee waliompeleka.

Maurine, kesho asubuhi vuka mpaka pamoja na Winfred, amwalike mjomba wake kwa kinywa chake. Ukifika usikae kunywa chai kwanza, wala usimtupie mumeo lawama. Sema, "Kaka, nilikudanganya, nisamehe." Kisha rudi umwambie Ojiambo, mdogo wake akisikia, kwamba Jumamosi Chrispinus asipoketi kwenye kiti chake, mbuzi atarudi Kirewa, na wewe mwenyewe utasimama kuwaeleza wageni kwa nini.