Barua Zitafutwa Tarehe Ishirini

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Mvua. Sumaya amekuja na supu ya miguu na habari. Kampuni ya barua pepe imemwandikia yeye — si mimi mwenyewe! — kwamba akaunti yangu ya bure haijafunguliwa miaka mingi, na ikifika tarehe 20 wataifuta. Barua, picha, anwani yenyewe. Vyote.

Nikauliza kwa nini wamwandikie yeye. Ati zamani niliweka anwani yake iwe ya akiba. Sikumbuki. Lakini inawezekana, nimeshaweka mengi kwa binti yangu, pamoja na lawama.

Nikamwambia waifute tu, mle hamna kitu ila matangazo ya dawa za nguvu za kiume, na mimi sasa hata nguvu za kupanda ngazi nakopa. Baba, wewe! Kila siku anaosha wazee kwenye nyumba yao kule Berchem, na bado anaona haya.

Alipoondoka, supu ikapoa mbele yangu. Sikuila. Abdul-Aziz hana anwani yangu nyingine ila hiyo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bon. Niandike, hapa hakuna wa kunisuta.

Abdul-Aziz ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mmoja. Tumekulia Buyenzi, Bujumbura, kitanda kimoja, yeye akikojoa mimi nikichapwa. Mimi nikaja huku Brussels, yeye akabaki na cherehani yake. Tukawa tunaandikiana. Mimi darasa la tano, yeye la saba, kila barua ananisahihisha!

Wabelgiji wana siku yao, tarehe mosi Aprili. Wanadanganyana, wanaiita samaki wa Aprili, watoto wanabandikana samaki wa karatasi mgongoni. Mimi nikaipenda sana desturi hiyo. Mwaka 2012 nikamwandikia Abdul-Aziz, nikajifanya jirani: Karimu amefariki jana kwa moyo, tumemzika, msomeeni. Nikacheka peke yangu. Nikasema atapiga simu anitukane, tutacheka wote.

Hakupiga. Buyenzi hakuna samaki wa Aprili. Kule ukiandikiwa msiba, unaweka turubai. Akaweka, nilisimuliwa baadaye. Akachinja mbuzi. Mtaa mzima ukaja, wakasoma hitma siku tatu, wazee wakalia, na mimi huku nashangaa mbona kimya. Siku ya nne nikapiga mwenyewe, nikasema hallo, mimi marehemu!

Akasema, taratibu kabisa: Karimu nimeshamzika. Wewe sikujui. Akakata.

Nami nikakasirika. Mimi! Mwenye kosa ndiye aliyenuna. Nikasema sifungui tena akaunti ile mpaka aanze yeye kunitafuta kwa simu. Baadaye nambari yake ikafa. Miaka kumi na tatu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kwa Bertin, Galerie d'Ixelles, kunyolewa kilichobaki. Bertin ni Mkongo wa Bukavu, mikono mizuri, mdomo mkubwa. Nikatupa habari katikati ya saluni kama mfupa, nione nani ataurukia.

Bertin akaurukia wa kwanza. "Papa Karimu, bon, kampuni iko na haki. Muntu anaacha nyumba miaka kumi na tatu, haingie, hafagie, alafu anakuja kulia? Non! Na halipe hata loyer ya mwezi!"

Maman Pétronille, anayesuka nywele mlango wa pili, alikuwa amekuja kuomba kiberiti. Akasahau kiberiti. "Na kama huyo muntu iko mu hôpital? Kama iko mu kampi, hakuna réseau ya simu? Kunyamaza haiko kufa, Bertin!"

Bertin akasema mashine zile zinakula umeme mchana na usiku kulinda takataka za watu. Tena zilizoachwa wazi zinaingiwa na wezi. Mjomba wake alikufa Goma, na mwaka uliofuata marehemu akaandikia ukoo mzima kwamba amekwama Londres, wamsaidie. Shangazi alizimia!

Kila mtu akacheka. Mimi sikucheka vizuri. Marehemu anayeandika barua ni habari ninayoijua.

Nikasema kama kila kilicholala miaka mingi kifutwe, basi na kiti hiki kifutwe, maana tangu Bertin aanze kunyoa sijaona akijifunza kitu kipya. Akanikata kisogo, kidogo tu. Anasema ni bahati mbaya.

Nikiwa kwenye metro nikajikuta nasema Bertin ana haki. Ikaniudhi.

Jumapili, 12 Oktoba

Sumaya hana kazi leo. Nikamwambia, bila kumtazama, labda tuijaribu ile akaunti. Akanitazama. Akawasha kompyuta yake. Mtoto mwema, hakurithi kwangu.

Neno la siri sikumbuki. Mashine ikasema sawa, tutamtumia Sumaya tarakimu za siri, lakini kwanza nitaje tarehe yangu ya kuzaliwa.

Hapo sasa. Mimi ninazo tatu! Ya kwanza ni ya kitambulisho cha hapa: mosi Januari. Nilipofika nikaulizwa, nikasema sijui, wakaniandikia hiyo. Nusu ya wakimbizi tunaofahamiana tulizaliwa mosi Januari, inatosha kufunga barabara. Tukaandika. Mashine ikakataa.

Ya pili ni ya manispaa ya Bujumbura, aliyotunga karani ili niingie shule. Ikakataa.

Ya tatu ni ya mama. Alisema nilizaliwa siku tatu kabla ya Ramadhani, mwaka upepo ulipoezua bati la msikiti. Nikakadiria mwaka, Sumaya akahesabu kwa simu, akapata siku. Ikakataa — na ikatufungia kwa siku moja nzima.

"Baba, una siku ngapi za kuzaliwa?"

"Tatu. Zawadi sijapata hata moja."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha, akauliza kuna nini mle. Nikamwambia ami yako. Akasema ami aliyekuzika? Nikasema huyo huyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Jana nimelala nikiwaza: akaunti ile nani aliifungua? Si mimi, mimi mwaka 2006 nilikuwa sijui hata panya yule wa kompyuta anashikwa wapi. Ilikuwa Bertin! Kabla ya mkasi alikuwa na cyber, palepale Galerie, kompyuta sita na feni moja.

Nikaenda asubuhi. Nikamwuliza: uliandika nimezaliwa lini?

Akawa anafagia nywele ambazo hazipo. Pétronille alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, miguu juu, akamwambia jibu, papa anakuuliza.

Bertin akaanza mbali. Kwamba siku zile foleni ilikuwa mpaka nje. Kwamba kila mzee akiulizwa tarehe, anaanza hadithi ya njaa, ya mvua, ya mzungu fulani aliyepita. Kwamba mashine haingoji hadithi. Donc, basi...

"Donc nini?"

"Donc nikaweka yangu, Papa. Ya kila muntu. Tarehe tatu ya mwezi wa tisa, sabini na ine."

Pétronille akaanguka kutoka kwenye kiti. Kwa kweli akaanguka! "Na mie? Na mie ulinifungulia, Bertin!" Na wewe, Maman. Wote tulizaliwa siku moja na Bertin, Galerie nzima, mapacha watupu.

Kwa hiyo nina miaka hamsini na mmoja. Nimetembea mpaka Porte de Namur kama kijana, nimempisha bibi mmoja kwenye ngazi na kumwita mama. Alikuwa mdogo kuliko mimi.

Lakini kabla sijatoka, Bertin alinishika mkono. Hakuwa anacheka. Akasema alifungulia watu karibu mia mbili namna ile, Papa Karimu. Wengine wamerudi nyumbani, wengine hajui waliko. Ikiwa wote wanaandikiwa sasa, na wote wanakataliwa... Akachukua kipande cha katoni, akaandika kwa herufi kubwa: WATEJA WA CYBER YA ZAMANI, MUULIZE BERTIN. Akakibandika kwenye kioo.

Nikamkumbusha kwamba Jumamosi alitaka wafutwe. Akasema ah, Jumamosi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mashine imeshafungua kufuli lake. Sumaya angeweza kuja leo. Nikamwambia asije, nina kikohozi. Sina kikohozi.

Mama Sumaya, Aïcha wangu, alipofariki, 2019, nilikaa na simu mkononi. Abdul-Aziz ndiye aliyekwenda kumposa kwa niaba yangu, ndiye aliyemshonea nguo ya harusi. Ilikuwa haki yake ajue. Nikasema nitafungua akaunti nimwandikie. Kisha nikajiuliza, nitaandika nini? Amefariki, na safari hii ni kweli? Nani angeamini! Nikaiacha. Aïcha hakusomewa hitma Buyenzi. Mimi mzima nilisomewa.

Huo ndio mzaha wangu mkubwa kuliko yote. Tusiseme zaidi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya sala Sumaya akanifuata mpaka nyumbani. Akasema kikohozi kimepona? Nikasema kimepona.

Tarehe tatu Septemba 1974. Mashine ikakubali. Tarakimu za siri zikaja kwenye simu yake, akaziandika, na mlango ukafunguka. Barua elfu nne na zaidi! Viatu, mikopo, wajane wa Urusi wanaonitafuta tangu 2013. Nikasema niache kwanza nimjibu mjane mmoja. Sumaya hakucheka. Akaandika jina la ami yake, mashine ikachuja.

Moja. Tarehe 2 Juni 2015.

Nimeinakili hapa, maana mashine siiamini tena:

"Kwa Karimu. Kesho tunaondoka Buyenzi, mimi na watoto. Hali ya mji unaisikia kwenye redio. Tunakwenda Ujiji kwa wajomba. Simu naiuza. Ukitaka kunipata, piga kwa Zaituni muuza maandazi, jirani wa wajomba, nambari iko chini. Atakuja kuniita. Usipige kwa mzaha. Ukipiga, piga kweli. Na jifunze kuandika: ni 'amefariki', si 'amefaliki'. Ndugu yako."

Miaka kumi imekaa mle. Mji unawaka moto, mtu anafunga mizigo, anatafuta mashine, ananiandikia. Mimi nimenuna huku Molenbeek nakula waffle.

Nikamwambia Sumaya ajibu upesi: nimeiona leo, nisamehe. Akatuma. Hatujavuta pumzi, barua ikarudi. Anwani haipo. Kampuni yake yeye ilikuwa imeshafagia zamani!

Bertin na kampuni zake wana haki, nyumba tupu ifungwe, wezi wasilale mle. Sawa. Lakini hata mwenye nyumba mkali kabisa hukuachia kibao mlangoni: amehamia kule. Hawa wanang'oa mlango, wanaziba ukuta, kisha wanakwambia hapa hapajawahi kuwa na mtu. Na Sumaya asingeleta supu wiki iliyopita, tungebaki mimi na mdogo wangu tumezibwa pande zote mbili.

Sumaya akasema nambari ya Zaituni tupige. Nikasema kesho. Ni ya miaka kumi, mama wa watu amezeeka, maandazi yameungua. Akasema kesho, Baba, saa nane, nakuja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Saa nane imefika na Sumaya naye. Ujiji ni saa tisa. Mara ya kwanza ikaita mpaka ikakata. Nikasema umeona? Akapiga tena, akaweka sauti ya nje, akaisukuma simu mezani mpaka mbele yangu.

Mwanamke. Mafuta yanachacharika nyuma yake, kwa hiyo anauza bado!

"Nani?"

Nikauliza kama ni Zaituni. Ndiye. Nikamtaja Abdul-Aziz. Yupi, wa magendo au wa cherehani? Wa cherehani. "Ah, Mzee Abdu! Yupo, nyumba ya tatu. Nimwambie nani anamwita?"

Kinywa changu kilikuwa tayari na jibu. Ningesema mfalme wa Wabelgiji. Ningesema malaika wa hesabu. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi, tamu. Sumaya amenitazama kwa macho ya mama yake.

Nikasema: Karimu. Mwambie Karimu wa Brussels. Na umwambie ni kweli.

Akasema subiri, maandazi yataungua, mwanangu shika mwiko. Kandambili zake zikaondoka, pa, pa, pa.

Sasa naandika ili mkono uwe na kazi. Dakika tatu. Mafuta. Redio ya mtu, taarabu. Mbuzi. Sumaya ameushika ukosi wa shati langu kama mimi ndiye mtoto.

Dakika sita. Kandambili zinarudi. Za mtu mmoja tu.

"Hallo? Upo?"

Nipo.

"Nimempa jina. Akaketi."

Nikauliza, ameketi tu?

"Ameketi, ndiyo. Nikamwacha. Sasa namwona pale mlangoni — ameinama, anatafuta kiatu cha pili."