Asali Ndevuni, Kakuyuni

Mwanangu Mwanaisha,

Kuna jambo nimekuficha tangu uzaliwe, nami sina siku nyingi. Leo hapa Kakuyuni nimecheka hadi kifua kikaniuma! Nilikuja kuwapiga picha Waata, wale wawindaji na warina asali waliotolewa msituni, ambao watu huwadharau. Bibi mmoja akanipa mgongo: "Mzee wa mjini, sura zetu mwazipeleka wapi?" Nikamjibu kwa Kiwaata. Akageuka upesi. "Ala! Wa ukoo gani wewe?" Nikamtajia. Akapiga kigelegele. "Basi toka huko nyuma ya kamera, uketi na wenzio!" Binti yake ndiye aliyetupiga picha, ndevu zangu zimejaa asali waliyonilisha. Nibusie wajukuu wangu. Waambie lile nililoona haya kulisema maisha yangu yote: babu yao ni Mwata.